Siri Iliyopitwa na Uhuru

Palikuwa na binti wa Mlali, wilaya ya Kongwa, kule Ugogo unakopakana na Ukaguru. Mwaka 1966 alizoea kubeba karanga na kuku kwenda kuuza Kongwa, kwa sababu huko kulikuwa na wanunuzi wengi wasio na shamba wala banda. Kisa hiki nimekiunga mwenyewe na wahusika wake sikuwapa majina. Kambi, vita na miaka ni vya kweli.

Wanunuzi wale walikuwa wapigania uhuru. Kongwa ilikwisha kuzoea wageni. Mwaka 1947 Waingereza walimwaga matrekta pale wakitaka kulima karanga kwa maelfu ya ekari, udongo na mvua vikawashinda, na mwaka 1951 wakafunga virago, wakiacha nyuma majengo na mamilioni ya pauni yaliyoteketea. Katika mabaki hayo, kuanzia 1964, serikali ya Mwalimu Nyerere pamoja na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) iliwapa nafasi Frelimo wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini na wengine waliofuata. Samora Machel wa Frelimo aliongoza wapiganaji hapo. Chris Hani wa ANC naye alikaa hapo, na yeye ni mfano mzuri wa jambo tunaloliendea. Wazazi wake walimwita Martin Thembisile. Chris ni jina alilojipa vitani. Alipouawa mwaka 1993 dunia nzima ilimlilia kwa jina la kujichagulia.

Basi binti wetu akapatana na kijana wa SWAPO. Mitaani aliitwa Komredi, hakuna zaidi. Alitoka kaskazini ya Namibia, kwa Waovambo, na kilichowaunganisha kilikuwa chakula. Waovambo nao ni watu wa uwele. Huuita mahangu, huusonga na kuulia mboga za majani ya porini. Siku alipotengewa ugali wa uwele na mlenda alimega tonge, akatafuna polepole, akasema kwao wanakula hivihivi, ila wa kwao una mchanga kidogo. Mama wa binti akacheka. Tangu siku hiyo Komredi akawa mtu wa nyumbani.

Binti akashika mimba. Kabla mtoto hajazaliwa, lori likaja usiku kuchukua kikosi. Jioni hiyo Komredi alimtajia jina lake halisi, jina la baba yake, na kijiji alichozaliwa. Kisha akamwapisha: asimwambie mtu yeyote, hata mtoto.

Simlaumu kwa kiapo hicho. Tarehe 26 Agosti mwaka huohuo askari wa Makaburu wa Afrika Kusini, waliokuwa wakiitawala Namibia, walivamia kambi ya SWAPO pale Omugulugwombashe, na vita vya Namibia vikaanza rasmi. Mwaka uliofuata Pretoria ikatunga Sheria ya Ugaidi, ikairudisha nyuma hadi 1962 ili iwanase hata waliotenda kabla haijakuwapo. Mwaka 1968 Andimba Toivo ya Toivo wa SWAPO akahukumiwa miaka 20 jela. Jina la mpiganaji likijulikana, wa kwanza kugongewa mlango alfajiri walikuwa wazazi wake. Kwa hiyo kuficha jina kulikuwa na sababu nzito. Kosa lake ni dogo na ni moja: kiapo hakukiwekea mwisho.

Mtoto alizaliwa wa kiume, akalelewa bila kupungukiwa kitu. Hapa inafaa tutulie kidogo, maana watu wa mjini wakisikia mtoto asiye na baba huanza kusikitika mapema. Nyumba ile ilikuwa ya Wakaguru, na Mkaguru huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ana wajomba, ana ukoo, ana mahali pa kulima na pa kuzikwa, baba awepo asiwepo. Angezaliwa nyumba ya pili, ya Wagogo, wanaohesabu kwa baba na kuangalia ng'ombe waliolipwa, angehesabiwa wa babu yake mzaa mama, na maneno ya chinichini yasingekosekana. Tena Waovambo nao kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Huenda ndiyo maana Komredi aliondoka na moyo mtulivu: kwa mila ya kwao na ya Ukaguru pia, mtoto alikuwa yuko kwao tayari. Shuleni mwalimu alipotaka jina la baba, liliandikwa la babu mzaa mama, na mambo yakaenda.

Yalikwenda hivyo mpaka tarehe 21 Machi 1990, redio ilipotangaza uhuru wa Namibia. Mwaka uliotangulia, zaidi ya wakimbizi 40,000 walikuwa wamerudishwa kwao kupiga kura. Kijana alikuwa na miaka 23. Akamuuliza mama yake, "Mama, baba ni nani?" Akajibiwa, "Baba yako alikuwa Komredi." Aliuliza tena alipooa, akajibiwa vilevile. Akaenda katika ofisi moja ya wahusika, akaulizwa jina kamili na mahali pa kuzaliwa. Alikuwa na Komredi, SWAPO, Kongwa. Kwa habari hizo ni sawa na kuingia Kariakoo ukaulizia duka la Mangi.

Akaacha. Miaka ikapita, watoto wake wakakua, na mmoja wao, akijaza fomu ya kitambulisho cha taifa, akataka kujua babu yake mzaa baba alizaliwa wapi. Kijana wetu, sasa mzee, akamwambia aandike Mlali.

Kisha mama akafariki. Baada ya maziko, ndugu wakiwa bado wamekaa msibani, mdogo wa marehemu akamwita pembeni.

"Mwanangu, mama yako alikuwa anajua."

"Anajua nini, mama mdogo?"

"Jina. Aliniambia mara moja tu, tunapepeta uwele. La baba yako ninalo. La babu yako limenitoka kabisa. Kijiji kinaanza na O."

Ichukueni ramani ya kaskazini ya Namibia muone ukubwa wa msaada huo. Oshakati, Ondangwa, Ongwediva, Outapi, Okahao, Oshikuku, Oniipa. Kule kisichoanza na O ndicho cha kutafutwa.

"Kwa nini alinificha miaka yote?"

"Hakukuficha. Aliapa."

"Mama mdogo, vita vilikwisha 1990!"

"Nani alikuja hapa kumwambia kwamba kiapo nacho kimekwisha?"

Swali hilo la bibi mmoja kijijini halijajibiwa na mtu, si Windhoek wala Dar es Salaam. Wapiganaji walipangiwa ndege za kurudi, bendera zikapandishwa, mashujaa wakajengewa makaburi. Wanawake waliopika, waliouza kuku na kuzaa, na walioshika siri kama askari, hawakuandikiwa hata barua ya mistari miwili ya kuwaambia kazi imekwisha, semeni sasa. Askari hupewa amri ya kusimama, naye hupewa amri ya kulegeza. Yule mama alipewa ya kwanza tu, akafa amesimama.

Kuna watu wa mbali ambao kisa chao hukifafanua hiki. Austria na Hungaria zilipoitwaa Bosnia mwaka 1878, Waislamu wengi wa huko walihamia nchi za Sultani, na wengine wakafuata kwa makundi hadi karne iliyopita. Mwaka 1934 Uturuki ilipitisha sheria ya majina ya ukoo: kila raia awe nalo, na liwe la Kituruki. Majina ya Kibosnia yenye mwisho wa -ić hayakupokelewa. Watu waliondoka kwa karani na jina jipya ambalo babu zao wasingelitambua. Hata hivyo nyumbani wazee waliendelea kutaja la zamani, wakapika mikate yao ya kukunja, wakaeleza wajukuu ni bonde gani walilotoka. Bosnia ilipowaka moto mwaka 1992, wakimbizi waliofika Istanbul walikuta baadhi ya ndugu zao wapo na wanawapokea. Serikali ililifuta jina kwenye karatasi, familia ikalishika mdomoni. Mlali hakuna karani aliyemnyang'anya mtu jina. Lilinyamaziwa nyumbani, tena kwa uaminifu.

Na karibu na kwetu wapo Wazigua wa Somalia. Mababu zao waliondoka pwani ya Tanga karne ya 19, wakaishia bonde la Juba, na humo wakakishika Kizigula vizazi na vizazi. Vita vilipowatimua baada ya 1991, baadhi yao walirejea Handeni, na wenyeji wakawaelewa wanasema nini. Hawakuwa na cheti chochote. Walikuwa na vinywa vilivyofundishwa kusema.

Mtu atauliza mzee wa Mlali anatafuta nini. Uraia? Yeye ni Mtanzania, na sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Fedha? Huko Namibia vijana waliozaliwa uhamishoni, wanaoitwa watoto wa mapambano, wamekuwa wakiandamana tangu 2008 kudai kazi serikalini, na kwa sababu hiyo mgeni anayebisha hodi na habari za baba hutazamwa mfukoni kwanza. Anachotaka ni kujua kama ana ndugu, na kama yule mtu aliuona uhuru au alibaki njiani. Sioni kama ni mengi.

Wasichana wa Kongwa wa mwaka 1966 waliobaki wana miaka inayokaribia 80 au zaidi. Wa Nachingwea, walikokaa Frelimo, hawako mbali nao. Wa Mazimbu na Dakawa, walikokaa ANC hadi mwanzo wa miaka ya 90, bado wana nguvu. Mwenye mama au shangazi wa aina hiyo asingoje msiba. Amkalie, amwambie vita vimekwisha, amtajie mwaka, kisha amuulize majina yote matatu na kijiji, aandike mbele yake.

Mzee wetu amekwisha kuandika barua. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Finland walifika kwa Waovambo mwaka 1870, na makanisa yao yamekuwa yakiandika ubatizo muda mrefu, kwa hiyo ameielekeza kwa mchungaji. Ameweka jina la baba, miaka ya kukadiria, na orodha ya vijiji saba vinavyoanza na O. Jibu limekuja: vitabu vipo, lakini jina hilo wanalo wengi mno, tafadhali atume jina la babu.