Picha Ni Moja, Macho Ni Mengi

Mwaka 2021 Eliud Kipchoge alipiga mnada NFT za kumbukumbu za mbio zake, zikaleta takriban dola 37,000. Mbio zenyewe bado ziko YouTube, unazitazama bure ukiwa kwa matatu. Sasa mnunuzi alinunua nini? Si haki ya kutuzuia sisi kutazama. Alinunua rekodi ya mtandaoni inayosema: hii ni ya fulani.

Uliza watu watatu kuhusu hilo. Mwenye kuogopa kesho atasema ni utapeli. Mpenda kuonekana atauliza jina lake litatokea wapi. Na yule aliyekuwa akijaza mkebe vizibo vya soda na stika za wachezaji hatauliza kitu, ashaelewa. Kitu ni kimoja, tabia ndizo tatu.

Shida ni kwamba kila mmoja huita tabia yake akili. Mwoga hujiita mwerevu, mwenye pupa hujiita mtu wa maono. "Haishikiki hiyo," tunasema, halafu tunalipia chapo kwa M-Pesa, namba tu kwenye simu. Kwenye harambee tunachanga na bado tunataka jina lisomwe kwa maiki. Vitu visivyoshikika tumeishi navyo kitambo. Kinachotukera ni vile vya wenzetu.

Basi kila mtu na lake? Hapana. Tabia inaeleza kwa nini ulivutiwa, haikuondolei jukumu. Twiti ya kwanza ya Jack Dorsey ilinunuliwa mwaka 2021 kwa dola milioni 2.9. Mwaka uliofuata ikarudishwa sokoni, na ofa za mwanzo hazikufika hata dola 300. Anayenunua kwa sababu anakipenda kitu, bei ikianguka bado anacho. Lakini anayenunua akitegemea kumuuzia mwingine kwa bei ya juu ashachagua kuwa kuna mtu ataumia. Hajui tu ni nani.

Na mara nyingi huyo mtu yuko karibu: ni msee wa WhatsApp aliyeambiwa "wahi mapema", akaweka pesa za rent. Aliyemshawishi hakudanganya, aliamini kabisa. Ila alimpa pupa yake kama ushauri. Mwoga naye anayemcheka baadaye hakuona mbele kuliko wengine. Aliogopa tu, na safari hii hofu ikapatia.

Kupenda kuonekana si dhambi, na kuogopa si hekima. Kabla ya kumwambia rafiki anunue au aache, mwambie kwanza wewe ni mtu wa aina gani.