Tumechagua kwa Macho

Tunajua. Miongoni mwetu tunaofuga samaki wa bahari majumbani, iwe Nairobi au Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, hakuna anayeweza kusimama leo akasema hakuambiwa. Tangi likishakamilika, mawe yakapangwa, taa za buluu zikawaka na matumbawe yakaanza kuchanua, roho haitulii mpaka apatikane yule samaki mmoja wa kuvuta macho ya kila aingiaye sebuleni. Samaki mkuu, ndivyo tunavyomwita. Tunamtafuta kwa shauku, tunamlipia bila kuomba tupunguziwe, na katika kumtafuta tunauliza mambo mawili tu: ana rangi gani, na atafika lini? Nani kati yetu aliuliza anakula nini? Nani aliuliza atakuwa na ukubwa gani miaka mitatu ijayo? Nani aliuliza kavuliwa wapi, na nani, kwa wavu au kwa sumu? Hatukuuliza kwa sababu tuliogopa jibu, na tuliogopa jibu kwa sababu tulikuwa nalo tayari.

Tumechagua kwa macho, na anayelipa ni samaki.

Mtazameni kitatange mkubwa, huyu ambaye wanasayansi humwita Pomacanthus imperator, mkazi wa miamba ya matumbawe kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi visiwa vya Pasifiki. Akiwa mchanga mwili wake ni wa buluu iliyoiva karibu na weusi, umechorwa pete nyeupe, duara ndani ya duara, kuelekea mkiani. Akikomaa pete zote hufutika. Badala yake hutanda mistari ya manjano juu ya buluu, na utepe mweusi hupita machoni. Ni haki yake kutazamwa. Lakini sisi humnunua akiwa na urefu wa kidole, tukamtia kwenye tangi la lita mia tatu, hali tunajua kwamba hufikia sentimita 40. Tunajua kwamba chakula chake baharini ni sifongo na viumbe vingine vilivyoshikamana na mawe, na kwamba akiwekwa kati ya matumbawe hakawii kuyadonoa. Akishadonoa, tunakasirika! Tunamwita mharibifu. Tunamtoa, tunamrudisha dukani, na muuzaji anampokea kimya kimya ili amuuze kwa mwingine asiyeuliza. Kosa lake ni lipi? Amekula alichoumbwa akile.

Au mchukueni kangaja yule wa buluu ya anga, mwenye uso mweusi, kidevu cheupe na pezi la mgongoni la manjano. Huyu ni mwana wa Bahari ya Hindi. Anapatikana kuanzia pwani yetu hadi Indonesia. Baharini hushinda akiogelea na kuchuna mwani kwenye miamba, wakati mwingine ndani ya kundi kubwa. Sasa mwangalieni siku ya nne baada ya kufika nyumbani. Anakwenda mpaka mwisho wa kioo, anageuka, anarudi, anageuka tena pale pale alipogeukia mwanzo. Tumbo limebonyea. Ubavuni kumetokea vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi, na anajisugua kwenye mawe akijaribu kuviondoa. Ule ni ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea kiitwacho Cryptocaryon irritans, na kila mfugaji anajua jinsi kangaja huyu anavyoupata upesi. Kila mfugaji anajua pia kwamba kinga yake ni karantini: tangi la pembeni, wiki nne au zaidi, kabla mgeni hajachanganywa na wenyeji. Ni wangapi tunalo tangi hilo? Fedha ya kununulia taa tunayo. Ya pampu tunayo. Ya kumnunua samaki wa tatu achukue nafasi ya wawili waliokufa, nayo tunayo.

Fedha hatujakosa. Tumekosa subira.

Na yupo yule mwenye mapande mapana ya weusi, weupe na manjano, ambaye pezi lake la mgongoni limerefuka likawa unyuzi mweupe unaopepea nyuma yake. Zanclus cornutus. Sifa yake kubwa miongoni mwetu ni kwamba hufa kwa njaa. Huwekewa chakula akakitazama, akakiacha, akaendelea kupekua mawe akitafuta sifongo ambazo hazipo, hadi akakonda, akafa. Wapo pia vitatange wadogo, kama Chaetodon trifasciatus wa miamba yetu, ambao maisha yao yote hutegemea nyama ya matumbawe hai. Hii si siri iliyofungiwa maabara. Imeandikwa vitabuni, imesemwa na wakongwe kwa miongo, na bado wanaletwa wengine ndani ya mifuko ya plastiki, nasi tunawapigania. Tunapomlipia samaki tunayejua kwamba hatakula, tumenunua nini hasa? Tumenunua wiki chache za kumtazama akifa.

Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Hawakusema mnunuzi hana hatia.

Tuhesabu basi makosa yetu bila kupepesa macho. Tumetia samaki kwenye tangi ambalo halijamaliza hata mwezi, amonia na naitriti zikiwa bado zimejaa majini, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja Jumamosi. Tumeamini maneno ya muuzaji kwamba samaki hukua kulingana na ukubwa wa tangi. Hayakuwa na ukweli wowote, ila yalitufaa. Tumewafungia kangaja wawili ndani ya kioo kimoja wakachanana kwa miiba ya mkiani. Tumenunua yule msafishaji mdogo mwenye mstari mweusi, Labroides dimidiatus, ambaye riziki yake ni vimelea vilivyo kwenye miili ya samaki wengine, tukamtia mahali penye samaki watano, kisha tukashangaa kwa nini amekonda. Tumewachoka waliozidi kioo, na wapo kati yetu waliowatupa kwenye bahari isiyo yao. Mfano tunao: samaki wa jamii ya Pterois, wenye mapezi ya miiba ya sumu, asili yao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, mwaka 1985 walionekana Florida, wakiaminika kwamba walitoka kwenye matangi ya watu, na leo wanawamaliza samaki wachanga wa Karibi. Nani atawarudisha kwao?

Na unafiki wetu! Sisi ndio tunaojiita wapenzi wa bahari. Mvuvi akirusha baruti tunamlaani, na tuna haki ya kumlaani. Mwaka 1998, joto la bahari lilipoyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya upande wetu wa Bahari ya Hindi, tulihuzunika, na huzuni ile ilikuwa ya kweli. Lakini huko Ufilipino tangu miaka ya 1960, na baadaye Indonesia, wapo wapiga mbizi wanaopuliza sianidi kutoka kwenye chupa za plastiki hadi ndani ya mianya ya matumbawe, ili samaki aliyejificha alewe akamatike. Na matumbawe yaliyoguswa na sumu ile hufa. Mkono ni wa mpiga mbizi, lakini hamu ni yetu. Mwaka 2003 ripoti ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba samaki wa mapambo wa baharini milioni 20 hadi 24, wa aina 1,471, huuzwa duniani kila mwaka, na karibu wote hutolewa moja kwa moja baharini. Kila mwenye tangi hujitetea kwamba yeye alimchukua mmoja tu. Hao milioni 20 walichukuliwa na nani?

Wala sisi wa pwani tusijifiche nyuma ya mnunuzi wa ughaibuni. Kenya imesafirisha samaki wa mapambo kwa miongo kadhaa. Wapiga mbizi wake hukamata kwa nyavu za mkono, na kwa hilo wanastahili heshima; mara nyingi wao ndio wanaolipwa kidogo kuliko wote katika biashara hii. Lakini yule msafishaji mdogo ni miongoni mwa wanaosafirishwa kwa wingi kutoka pwani ile, na kazi yake mwambani inajulikana. Kwenye Kisiwa cha Lizard, Australia, watafiti waliwaondoa wasafishaji katika miamba midogo kwa zaidi ya miaka 8. Samaki wakapungua kwa idadi na kwa aina, na baadhi ya waliobaki wakawa wadogo kuliko wenzao wa miamba yenye wasafishaji. Habari hizi zimetufikia, na mifuko imeendelea kufungwa. Msafirishaji anasema anapeleka kilichoagizwa. Mwenye duka anasema anaweka kinachonunuliwa. Mnunuzi anasema amenunua kilichokuwa dukani. Ni nani basi aliyemtoa samaki kwake?

Sisi sote.

Visingizio vyetu tumevihifadhi kichwani. Alikuja mgonjwa. Umeme ulikatika. Maji yalibadilika ghafla. Ni samaki dhaifu, huyo. Watoto walimwona kwenye filamu wakalia mpaka tukanunua. Siku ya kufika tunampiga picha kwa kila upande na kuzisambaza kwa marafiki. Siku ya kufa hatumtaji. Baada ya mwezi huja picha nyingine na samaki mwingine, na hakuna anayeuliza wa kwanza alikwenda wapi, kwa kuwa muulizaji naye ana wa kwake wa kuficha. Tumelindana hivyo miaka yote, tukaita kulindana huko urafiki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi daftari tumelikataa makusudi. Hebu tulifungue leo. Tuandike jina la kila samaki, siku aliyokuja na siku aliyokufa, bila kuruka hata mmoja. Ni nani kati yetu atakayethubutu kumwonyesha mwanawe ukurasa wa kwanza?

Laiti tungekuwa hatuna njia nyingine, pengine tungehurumiwa. Lakini njia ipo, tena imenyooka. Yule samaki mdogo wa rangi ya machungwa aliyepata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003 anazalishwa matangini kwa wingi, na akitunzwa vyema anaweza kuishi miaka zaidi ya 20. Kangaja wa manjano alizalishwa Hawaii mwaka 2015. Kangaja wa buluu wa filamu ya Finding Dory alizalishwa Florida mwaka 2016. Mkumbukeni pia kadinali wa Banggai, Pterapogon kauderni, mwenye mwili wa rangi ya fedha, mistari myeusi na mapezi yenye madoa meupe, ambaye dume wake hulea mayai kinywani. Asili yake ni visiwa vya Banggai huko Sulawesi, Indonesia. Biashara ilimvamia miaka ya 1990, na mwaka 2007 akaorodheshwa kati ya viumbe walio hatarini kutoweka, naye ni samaki anayezaliana hata tangini! Hao wote ni wazuri, wote wanaweza kuwa pambo la nyumba bila mwamba kupungukiwa. Tunawajibuje? Tunasema ni wa kawaida, kila mtu anaye. Tunamkataa atakayeishi kwa kuwa hatawashangaza wageni, tunamchagua atakayekufa kwa kuwa atawashangaza. Je, hayo ni mapenzi ya bahari, au ni mapenzi ya kusifiwa?

Majuto matupu hayatamrudisha samaki hata mmoja. Tubadili mwenendo. Asiye na tangi la karantini asinunue. Asiyemwona samaki akila, kwa macho yake mwenyewe, pale pale dukani, asimlipie. Asiye na nafasi ya samaki wa sentimita 40 amwache kitatange mkubwa baharini. Akitamani kumwona, avae miwani ya kuzamia aende kwenye hifadhi za bahari za Kisite au Chumbe, ambako uvuvi umepigwa marufuku, amtafute mwambani kwake. Mwenye duka aandike kando ya bei mambo matatu: samaki ametoka wapi, amepatikana vipi, atafikia urefu gani. Aliyezalishwa tangini atangulizwe, na aliyekamatwa kwa sumu asipokelewe na yeyote kwa bei yoyote. Na sisi wakongwe, ambao wageni wa kazi hii hutuangalia kabla hawajatoa fedha, tukome kuisifu picha ya samaki tunayejua kwamba amebakiwa na wiki chache. Sifa zetu ndizo zinazomwagiza wa pili.

Samaki asiyeweza kuishi kwako si wako. Mwache baharini.