Mgeni wa Siku ya Tatu

Siku hizi watu wengi husafiri kuitazama miji ya Ulaya kwa makundi. Mtu hulipa fedha yake mbele, akaandikiwa siku ya kuanza, nyumba ya kulala, na kiongozi wa kumwonyesha njia. Lakini wako wasioingojea siku ile. Hutangulia siku mbili tatu kabla ya wenzao, wakakaa mjini peke yao pasipo kiongozi. Twauliza, siku hizo ni anasa tu, au zina haki yake? Na mtu akaaye hivyo ana deni gani kwa wenyeji?

Desturi ya kuongozwa si ya zamani sana. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook, seremala wa Kiingereza aliyechukia ulevi, aliwachukua watu karibu 500 kwa gari la moshi toka Leicester mpaka Loughborough, kila mtu kwa shilingi moja, waende kwenye mkutano wa kupinga pombe. Mwaka 1864 alikuwa amekwisha kuwafikisha wasafiri Italia. Biashara iliyoitwa kwa jina lake ilianguka Septemba 2019, lakini desturi yenyewe haikuanguka pamoja nayo. Wala sisi hatuidharau. Kwa njia hiyo mafundi na walimu wa mshahara mdogo waliziona nchi ambazo hapo kwanza zilionwa na matajiri tu. Asiyejua njia na amfuate aijuaye, hapana aibu.

Sababu ambazo watu huzitoa kwanza kwa kutangulia ni za busara, nasi hatutakawia hapo. Ndege huchelewa, mizigo hupotea, na mtu atokaye pwani ya mashariki ya Marekani huzikuta saa za Italia zimewatangulia kwa saa sita, hata mwili wake wasinzia mchana na kukesha usiku. Kundi halimngojei mtu. Basi hayo ni mambo ya kujihifadhi.

Swali laanza pale mtu anapotoka mlangoni asubuhi, wala hapana wa kumwambia, Tazama hapa. Na tuutwae mji wa Venice kuwa mfano, maana makundi mengi huanzia huko. Mji huo wa kale hauna magari. Watu hwenda kwa miguu au kwa mashua. Namba za nyumba hazifuati njia moja moja, bali huhesabiwa kwa mtaa mzima, na mitaa yenyewe ni sita. Kwa hiyo mgeni aweza kukuta namba iliyopita elfu tano katika kichochoro chenye milango minne. Atapotea, hapana shaka. Akiisha kupotea atatokea katika kiwanja kidogo chenye kisima cha jiwe, kimefunikwa kwa chuma. Kiongozi mwenye watu nyuma yake hupita hapo upesi, kwa kuwa anawahi kanisa la San Marco. Lakini mwenye siku yake aweza kuketi na kujiuliza, mji huu uliozungukwa na maji ya chumvi ulikunywa nini? Jibu limo chini ya miguu yake. Wenyeji walichimba shimo, wakalikandika udongo wa mfinyanzi ili maji ya chumvi yasipenye, wakalijaza mchanga, wakajenga katikati shimo la matofali. Mvua ilianguka kiwanjani, ikapita mchangani ikasafika, ikakusanyika kisimani. Walikunywa hivyo kwa mamia ya miaka, hata mwaka 1884 yalipoletwa maji ya mabomba kutoka bara. Kesho yake kiongozi akisimulia utajiri wa mji na majumba ya wakuu wake, mtu huyu atasikiliza kwa namna nyingine, maana analo la kuuliza.

Hapo mtu aweza kutujibu, Ikiwa siku za peke yake ni njema hivyo, kiongozi wa nini? Walakini jicho peke yake halisomi yote. Mgeni atapita mbele ya nyumba ya Scuola Grande di San Rocco, akaiona kuwa nyumba nzuri kama nyingine, asijue kwamba mchoraji Tintoretto alifanya kazi humo zaidi ya miaka ishirini. Ajuaye lazima amwambie. Twaona basi kwamba siku za kwanza hazishindani na kiongozi, zamtengenezea msikilizaji.

Lakini liko jambo zito zaidi. Wazee walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaka 1951 mji wa kale wa Venice ulikuwa na wakazi karibu 175,000; mwaka 2022 walipungua chini ya 50,000. Sababu ni nyingi: kazi zilihamia bara, nyumba zina unyevu, maji hupanda. Hata hivyo sababu mojawapo ni wageni, kwa kuwa mwenye nyumba aonaye faida kubwa kwa mpangaji wa usiku mmoja hampi tena jamaa ya wenyeji. Mwaka 2024 mji ulianza kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 katika siku fulani za mwaka, na mwaka 2025 aliyechelewa kujiandikisha alitozwa 10. Alalaye mjini hatozwi hizo, maana yeye hulipa ushuru wa kulala. Mwaka 2024 pia makundi yalikatazwa kuzidi watu 25, na viongozi wakakatazwa vikuza sauti.

Kwa sheria hizo mji wenyewe waonyesha kumpendelea akaaye kuliko apitaye. Lakini akaaye naye hutwaa kitanda, na twataka kujua ni kitanda cha nani. Mtu atasema, Nimelipa. Amelipa kweli, lakini fedha yake ndiyo hasa inayomtoa mwenyeji. Kwa maoni yetu, mwenye siku za zaidi na alale katika hoteli au nyumba ya wageni iliyojengwa kwa kazi hiyo, asikodi nyumba ambayo jamaa ingaliweza kukaa. Hilo ndilo jembe lake la kwanza. La pili ni jepesi: anunue matunda yake sokoni Rialto asubuhi, ajifunze kuamkia kwa Kiitalia, na akitaka kutazama mfereji asisimame katikati ya daraja, kwa maana nyuma yake yuko mama mwenye kapu anayerudi nyumbani.

Na bei ya hoteli ikimshinda, apunguze siku tatu ziwe moja. Kisima atakiona hata kwa siku moja, na kundi litaondoka vile vile siku iliyoandikwa.