Anania Hakusema Neno



Wiki tatu zilizopita tulifundishwa kutoka Matendo ya Mitume sura ya 5, habari ya Anania na Safira, na nilipotoka ibadani nilikuwa na hasira. Si hasira kwa mchungaji. Nilikuwa na jambo langu moyoni, nikaona kana kwamba kuna mtu amemnong'onezea. Baadaye nilimweleza, naye akaniambia, "Liandike." Nitaliandika vile lilivyokuwa, ingawa kuna mahali halinipambi.

Jambo lenyewe ni la gari.

Kama umewahi kupita kwetu, ng'ambo ya reli ya zamani, umeiona ile Pijo 404 iliyokaa chini ya mwarobaini miaka na miaka. Ilikuwa ya marehemu baba. Alifanya kazi ya reli kule Mombasa, akainunua hukohuko ikiwa imeshatumika, akastaafu nayo, akaja nayo nyumbani. Mwaka wa 1996 ikazima njiani akitoka Emali, ikavutwa mpaka pale, ikawekwa juu ya mawe. Kuku wametagia kiti cha nyuma vizazi sijui vingapi. Watu wa vyuma kuukuu wamekuja na mizani yao mara nyingi, nikawarudisha.

Vijana wanaona ni bati tu, kwa hivyo niwaeleze. Mbio za Safari zilianza 1953, na kwa miaka mingi zilikuwa za wakati wa Pasaka. Mwaka wa 1963 magari 84 yaliondoka, mvua na matope vikayafanya yavyovifanya, yakafika mwisho 7 pekee. La kwanza lilikuwa 404, na ndani yake Nick Nowicki na Paddy Cliff. Ikashinda tena 1966 na 1967 na Bert Shankland wa Tanzania, Chris Rothwell akimsomea njia. Mwaka wa 1968 Nowicki na Cliff wakarudia, na mwaka huo pia yaliyofika yalikuwa 7. Ndiyo maana watu wa umri wa baba waliitaka Pijo hata wakikosa shati. Yeye alikuwa anakuja nyumbani Pasaka, halafu anasimama kando ya barabara ya Mombasa kungoja vumbi. Mama alikuwa akisema Pasaka ya huyu mtu haina msalaba, ina magurudumu.

Sasa, binti yangu ana jina la mama huyo, kwa hivyo namwita "mwaitu", kama tunavyofanya sisi Wakamba. Alimaliza Form Four, akakaa nyumbani akingoja kuitwa chuo. Siku moja akaniambia, "Baba, ile gari tuitengeneze, tuiuze, inilipie karo." Nikacheka. Mimi nina duka la hadiwea, spana ninazo, lakini ufundi sina. Akaniambia yeye pia hana, basi tutakuwa sawa.

Tulifanya miezi minane, Jumamosi mchana na jioni nikifunga duka. Sijawahi kukaa na mtoto wangu hivyo. Injini ya 404 imelala upande, kama mtu aliyeegemea ukuta, na yetu ilikuwa imeshikana kabisa. Tulitoa plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu, tukangoja. Kila jioni yeye anatia spana mbele ya injini anajaribu kuizungusha. Siku ya kumi na nne ikasogea, kitu kidogo tu, upana wa kidole. Alipiga kelele majirani wakadhani ni nyoka. Na siku ilipowaka mara ya kwanza, moshi wote ule, mimi mtu mzima nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba, kwa sababu niliisikia sauti ambayo mara ya mwisho kuisikia baba alikuwa hai.

Injini haikuwa shida yetu. Shida ilikuwa kutu. Huku kwetu ni pakavu, chuma kinadumu, lakini hii ni gari iliyoishi Mombasa. Chuma kikipata maji na hewa kinashika kutu, na chumvi ya bahari inaiharakisha. Tena haianzi unapoiona. Inaanza ndani, kwenye mifuko ambayo unyevu unaingia na hautoki, na ukiona rangi inafura kama chapati ujue kazi imeshafanyika upande wa pili. Kwetu ilikuwa kwenye lile boksi la chuma linalopita chini ya milango, pande zote mbili. Ukigonga kwa bisibisi, inaingia. Na 404 si kama lori, haina chasisi yake peke yake. Bodi ndiyo inajibeba. Lile boksi likioza, mgongo wa gari umeoza.

Kuna fundi tuliyemwita atuonyeshe. Akasema kukata na kuchomelea bati jipya ni kazi ya pesa na wiki nyingi. Njia ya pili: piga brashi, bandika kibati chembamba, jaza filla, piga msasa, paka rangi. "Itang'aa," akasema. "Mwenye kununua atanunua kwa macho."

Mimi ndiye niliyekubali. Barua ya chuo ilikuwa imefika, karo imeandikwa. Tukajaza filla. Nilimfundisha binti yangu kushika msasa, aanze na ule mkali amalizie na laini, maji kidogo kidogo, apapase kwa kiganja huku amefumba macho, kwa sababu kiganja kinaona kuliko jicho. Alishika upesi. Hakusema kitu.

Siku ile tulimaliza rangi, ile ya krimu aliyoipenda babu yake, nilimkuta na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Aliiweka mlangoni ikashika. Akaiweka kwenye boneti ikashika. Akashuka nayo chini ya mlango wa dereva, akaiachilia, ikaanguka mchangani. Akaiokota. Akajaribu mbele kidogo, ikaanguka.

"Baba, hapa haishiki."

"Najua, mwaitu."

"Akija yule mtu, tutamwambia?"

"Akiuliza tutamwambia."

"Na asipouliza?"

Nilimjibu kwamba yule ni mtu mzima, ana macho, anaweza kuja na fundi wake, na hata na sumaku yake. Sikusema uongo hata mmoja katika jibu hilo. Ndilo lililonikosesha usingizi.

Mimi ni mtu wa duka, najua kunyamaza. Mtu akija kununua misumari simwambii kwamba duka la pili ni nafuu kwa shilingi 10. Simwambii nilinunua kwa ngapi. Hakuna anayeniona mwongo, na mimi sijioni. Tungekuwa tunasema kila kitu tunachokijua tungefunga maduka yote ya Sultan Hamud, na ndoa nyingi pia. Kwa hivyo wale wanaosema kila kunyamaza ni uongo, sikubaliani nao.

Nilimpelekea swali mwalimu mmoja mstaafu wa darasa letu la Biblia, akaniambia ni swali la zamani kuliko kanisa. Kuna Mrumi, Cicero, aliyekufa mwaka wa 43 kabla ya Kristo, aliandika juu ya mtu anayeuza nyumba mbovu, yeye anajua ubovu, mnunuzi hajui. Akawaleta wanafalsafa wawili wabishane. Mmoja, Diogenes wa Babeli, alishikilia kwamba muuzaji hakumlazimisha mtu kununua, na kutotaja ubaya wa mali yako si udanganyifu. Mwingine, Antipater, akasema ni sawa na kumwona mtu amepotea njia ukamwacha aende zake. Cicero mwenyewe akaona kwamba kunyamaza tu ni jambo moja, na kuficha ili mwenzako asijue kitu chenye faida kwake, kwa sababu wewe unapata, ni jambo lingine. Nilifurahi kusikia, lakini sikupona. Bado nilikuwa na mlango mmoja wa kutokea: mimi sikumficha, gari iko pale, aje aitazame.

Halafu ndipo mchungaji akafungua Matendo 5.

Nendeni mkaisome tena, polepole. Watu walikuwa wanauza mali na kuleta pesa miguuni pa mitume. Anania akauza shamba, akazuia sehemu ya bei, mkewe akijua, akaleta iliyobaki akaiweka pale. Petro akamwambia amemwambia Mungu uongo. Sasa tafuteni mahali ambapo Anania alisema huo uongo. Mimi nimetafuta. Hakuna. Hakuna neno lake hata moja lililoandikwa. Safira aliulizwa bei, akajibu. Anania aliweka tu pesa chini. Na Petro hakumlaumu kwa kubaki na chake, maana alimkumbusha shamba lilikuwa lake na hata pesa zilikuwa mkononi mwake. Shida ni kwamba ile namna ya kuziweka ilisema, hizi ndizo zote.

Hapo mlango wangu ukafungwa. Kutomtajia mnunuzi duka la pili, hapo sijafanya kitu. Lakini mfuko wa saruji ulioingia unyevu nikiupanga chini ya mifuko mizima, tayari nimeongea kwa mikono. Filla ni maneno. Rangi ya krimu ni maneno. Ilikuwa inasema, hapa chini kuna chuma. Tuliitengeneza isiulizwe. Halafu najisifu kwamba hakuuliza!

Na lililonichoma zaidi ni lile la "mkewe akijua". Nimekuwa nikijipongeza kwamba nimekaa na mtoto, nimempa ujuzi, tumekuwa marafiki. Kumbe kiganja kile nilichokifundisha kuona, nimekifundisha hivyo ili kifiche. Yeye angefanya nini? Ameambiwa aheshimu baba na mama. Akinisema mbele ya mgeni ananivunjia heshima, akinyamaza anakuwa Safira. Mimi ndiye niliyemweka pale. Kuna wazazi watasema mtoto hana hesabu hapo, hesabu ni ya baba peke yake. Ningependa iwe hivyo. Safira aliulizwa kivyake.

Yule mtu alikuja Jumanne kutoka Nairobi, mpole, mpenzi wa magari ya zamani, na mkewe na kijana wao mdogo ambaye mara moja alikuwa juu ya kiti cha nyuma anaruka. Tulikuwa tumeelewana kwa simu laki tatu na nusu. Akafungua boneti, akasikiliza injini, akatabasamu kama mtu aliyekutana na mwalimu wake wa zamani. Aliuliza juu ya kabureta, breki, logibuku. Chini ya milango hakuuliza. Aliinama hata akapapasa, akasema, "Hapa mmefanya kazi safi."

Binti yangu akasema anaenda kuchemsha chai. Hakuna aliyekuwa ameomba chai.

Nilimwangalia akienda. Sikuwa jasiri, wapendwa, nisiwadanganye. Nilimwita mara mbili sauti ikatoka ya pili tu. "Mwaitu, lete ile sumaku." Alirudi nayo, hakukimbia lakini hakutembea pia. Nikampa yule mtu mwenyewe, nikamwambia ajaribu mlangoni halafu ashuke chini. Ikaanguka karibu na kiatu chake. Nikamwambia tulichokifanya, wote wawili, na kwamba shauri lilikuwa langu.

Alikaa kimya muda mrefu. Mkewe alimshusha mtoto. Mwishowe akasema hivyo ilivyo anaweza kutoa laki moja na nusu, kwa sababu itabidi aikate yote. Nilihesabu karo kichwani, haikutosha, na binti yangu akatikisa kichwa kidogo. Tukakataa kwa amani. Akiwa anaingia garini mwake akasema, "Mkiitengeneza vizuri mnitumie picha mkiwa mnakata, si mkishapaka rangi." Sikukasirika. Nilistahili.

Chai ilikuwa imechemka kweli. Tukainywa sisi wawili. Jioni ile nilimwambia na jambo lingine, la miaka yangu kabla sijaokoka, ambalo lilimhusu. Hilo silo la jarida hili, na kama nilivyosema, si kila kunyamaza ni uongo.

Karo tuliipata kwa kuuza mtamba na mkopo wa chama, na alienda chuo wiki mbili baada ya wenzake. Mtamba ulikuwa mzuri, mama watoto bado anautaja. Binti anakuja nyumbani mwisho wa mwezi, na Jumamosi tunarudi chini ya mwarobaini. Tumenunua bati zito, na kuna kijana wa jua kali hapa mjini anayetuchomelea kwa bei ya haki, mradi sisi wenyewe tukate na grainda na kusafisha.

Jumamosi iliyopita tulifungua boksi la upande wa dereva, kwanza filla yetu, halafu kile kibati, halafu kutu ambayo ilikuwa inaanguka kama majani ya chai. Ndani kabisa, pembeni ambapo maji hayakufika, tulikuta mchanga, mkavu, mweupe. Mchanga wetu hapa ni mwekundu. Binti yangu aliukusanya kwa mkono akautia kwenye kopo la rangi lililokwisha, akaandika juu yake jina la babu yake. Picha tumetuma. Upande wa abiria bado.