Magonjwa mawili ya mtu mmoja

Vivien Leigh alisoma utotoni kwa Masista, huko Uingereza, kisha akawa mchezaji wa sinema mwenye sifa kubwa. Mara mbili, kwa sinema za 1939 na 1951, alipewa Oscar, tuzo ya Marekani. Lakini alikuwa na magonjwa mawili: kifua kikuu na ugonjwa wa akili. Huu wa pili ulipompanda, aliwatukana hata wapenzi wake. Ulipomwacha, aliona haya, akaomba radhi. Kifua kilimwua mwaka 1967.

Ndugu wasomaji, je, matukano yale yalikuwa dhambi? Dhambi hutaka kujua na kukubali. Nasi tunampelekea uji mwenye kukohoa. Aliyechafukwa akili tunamcheka. Basi, uji uende nyumba zote mbili.