Kosa la Mwamuzi na Ulimi wa Mwenzake

Katika besiboli, mchezo upendwao sana Marekani, waamuzi hugawana uwanja kama walinzi wagawanavyo zamu, na kila mmoja hukata neno mahali pake. Sheria yasema kuwa mwamuzi asimlaumu mwenzake, wala asitake kuitangua hukumu yake, ila akiulizwa na aliyeitoa. Sheria hiyo ina hekima, kwa kuwa tendo moja likihukumiwa mara mbili halina hukumu.

Walakini ina ufa. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, mtupaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo. Alibakiwa na mmoja tu autimize mchezo kamili, sifa ambayo watupaji wengi huikosa maisha yao yote. Mpira ulimtangulia mpigaji wa 27 kwenye kituo cha kwanza, lakini mwamuzi Jim Joyce alikata kuwa mpigaji amesalimika. Baadaye aliitazama picha, akakiri kosa na kuomba radhi, na Galarraga akampokea bila chuki. Hata hivyo hukumu haikubadilishwa.

Hapa ndipo penye fumbo. Mwenye shaka huuliza, bali aliyekosa bila kujua haulizi. Kumngojea aulize ni kumngojea aliyepotea aombe njia, naye adhani yumo njiani.

Je, mwenzake afanyeje? Si kila aonaye tofauti ameona vema. Aliyesimama mbali, mwenye dhana tu, anyamaze. Kimya chake ni haki. Lakini aliyeona dhahiri jambo ambalo mwili wa mchezaji ulimficha mwenzake, kama mpira kuponyoka mkononi, akinyamaza hamheshimu mwenzake, bali humwacha adhulumu.

Dawa ni kuuliza kabla ya kukosa. Waamuzi na wapatane mapema, nyoyo zikiwa zimetulia, juu ya ishara yenye maana hii: “Nimeona usiloliona.” Ishara hiyo haitangui hukumu. Humwita tu mwenye hukumu asikilize faraghani, kisha aamue mwenyewe.

Tangu 2014 ligi kuu ya Marekani huruhusu hukumu nyingi zikaguliwe kwa picha. Viwanja vidogo, vyenye waamuzi wawili tu, aghalabu havina chombo hicho. Huko jicho la pili ni la mwenzi, na heshima ya mwamuzi ni kulipa ruhusa kabla hajalihitaji.