Walimwimbia Kabla ya Mapambazuko

Mume wa dada yangu ni Mwislamu, fundi majokofu hapa Tanga, na Biblia anaijua kuliko nusu ya wazee wa kanisa letu. Hoja yake ni ileile iliyovuma kwenye mihadhara ya viwanjani tangu tukiwa vijana: "Haya shemeji, nipe aya moja tu, Yesu anasema kwa kinywa chake, 'Mimi ni Mungu, niabuduni.'" Simtafutii tena. Kwa maneno hayo aya haipo, na mhubiri anayedai anayo anajitafutia aibu. Akikimbilia Yohana 10 atarudishwa Yohana 14, Yesu anaposema Baba ni mkuu kuliko yeye, na watazamaji watashangilia kama wako mpirani.

Mimi naanzia kwingine, kwa wale waliomwabudu kwanza. Hawakuwa Wagiriki waliozoea miungu ya kila namna. Walikuwa Wayahudi, na Myahudi wa wakati ule ukimgusa kwenye umoja wa Mungu hakuwa na mzaha. Mwaka 40 hivi Kaisari Caligula aliagiza sanamu yake isimamishwe ndani ya Hekalu la Yerusalemu. Mwanahistoria Josephus anasimulia jinsi watu kwa maelfu walivyomwendea liwali Petronius, wakajitupa kifudifudi na kumnyooshea shingo: utuue kwanza. Ulikuwa msimu wa kupanda, na mashamba yakakaa majuma kadhaa bila mbegu. Mkulima yeyote wa Muheza anajua kuiacha mvua ipite ni kuchagua njaa.

Kizazi hichohicho, taifa hilohilo, ndicho kilichotoa watu waliopiga magoti kwa jina la seremala aliyesulubiwa. Paulo, aliyekuwa Farisayo, alipowaandikia Wafilipi alilichukua andiko la Isaya 45, pale Mungu anapoapa kwamba kila goti litapigwa mbele yake, akalielekeza kwa Yesu. Na wala hatetei! Anaandika kama mtu anayekumbusha jambo ambalo wasomaji wake wanalijua, tena shabaha yake ni kuwafundisha wanyenyekeane. Barua zake zimejaa ugomvi juu ya tohara na vyakula. Juu ya kumwita Yesu Bwana na kumwomba, sioni palipokuwa na ugomvi.

Shemeji aliponisikia nikisema hivyo alicheka. "Hata walioabudu ndama jangwani walikuwa Waisraeli, shemeji." Pigo zuri. Ni kweli, ibada inaonyesha walichoamini watu, haionyeshi kwamba walikuwa sahihi. Ila ndama hakuwa ametundikwa. Torati, katika Kumbukumbu 21, inasema aliyetundikwa mtini amelaaniwa na Mungu. Kwa Farisayo msalaba ulitosha kulifunga faili la Yesu wa Nazareti, na kweli Paulo mwanzoni aliwatesa wafuasi wake. Kitu fulani kilimgeuza, naye alisema ni kitu gani: alimwona akiwa hai. Wenzake waliomtangulia walisema hivyohivyo. Nawaamini. Shemeji hawaamini, na dada huwa anatuongezea chai.

Kuna hadithi nyingine, na hii nimeisikia hata kwa Wakristo waliosoma: kwamba Yesu alifanywa Mungu kwa kura, mwaka 325, pale Constantine alipowakusanya maaskofu mjini Nikea, ambao leo ni Iznik nchini Uturuki. Nikea ulikuwa mji wa Bithinia. Basi miaka mia mbili na zaidi kabla ya mkutano ule, kwenye mwaka 112 hivi, liwali wa jimbo hilohilo, Pliny, alimwandikia Kaisari Trajan akiomba ushauri juu ya Wakristo. Aliwahoji, akaambiwa kwamba kosa lao lote ni kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Hakuridhika. Akawatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa, ili wamwambie kilichofichwa. Hakupata zaidi ya alichokiita ushirikina uliopita kiasi. Majina yao hakuyaandika, na mimi hilo humkasirikia Pliny kuliko mateso yenyewe, ingawa najua si haki kupanga hivyo.

Kwa hiyo maaskofu wa Nikea hawakukuta mtu wa kumpandisha cheo. Walikuta nyimbo zinazoimbwa muda mrefu, na padri wa Alexandria, Arius, aliyesema kwamba Mwana, pamoja na utukufu wake wote, aliumbwa. Arius hakuwa mjinga. Alikuwa akiulinda umoja wa Mungu, na aya zake, hasa Mithali 8, zilikuwa nzito. Waliokataa kata kata kutia sahihi pamoja naye walikuwa maaskofu wawili tu, wote wa Libya. Lakini anayedhani serikali ilimaliza kazi asome kilichofuata: Constantine alibatizwa karibu na kufa, mwaka 337, na askofu aliyekuwa rafiki wa Arius, na mwanawe Constantius akaitumia dola dhidi ya imani ya Nikea. Athanasius, askofu wa Alexandria aliyeitetea, alifukuzwa mjini mwake mara tano, jumla ya miaka kama 17.

Hoja yake moja naiona haijajibiwa bado. Aliwaambia wafuasi wa Arius: nanyi mnamwomba Kristo, mnabatiza kwa jina lake. Kama ni kiumbe, mnaabudu kiumbe, acheni basi. Kama hamwezi kuacha, semeni ni nani. Shemeji akiisikia hoja hiyo husema, "Ndiyo, waache!" na hapo namheshimu, maana angalau yeye ameuona uzito wake.

Nyingine ni ya wokovu, na hiyo alinifafanulia mtoto. Katika darasa la kipaimara binti mmoja, wa kiti cha nyuma, mkimya, aliuliza: "Mwalimu, kama Mungu anatupenda, kwa nini amtume mwingine akauawe? Kwa nini asije mwenyewe?" Vijana waliguna. Nikamwambia ameuliza swali linalomkaba Arius, kwa sababu ukimfuata yeye, Mungu kweli alibaki juu akamtuma mtumishi mkubwa aumie kwa niaba yake. Imani ya Nikea inasema alikuja mwenyewe. Mwana si mjumbe wa kukodiwa.

Mwenzake wa kiti cha mbele akanyoosha mkono kabla sijamaliza: sasa pale Gethsemane alikuwa anamwomba nani? Nikachukua chaki. Ilikuwa imebaki robo saa, na Utatu hauingii kwenye robo saa.